Goma haihitaji lori lisilo na dereva, inahitaji kipimo

Kila msimu wa mvua ni hadithi ile ile katika mitaa ya Majengo, Katoyi na Ndosho. Asubuhi lori linamwaga mchanga mbele ya kiwanja, wasaidizi wa fundi wanaanza kuuchota kwa karai, na kabla ya jioni mawingu yanashuka kutoka upande wa Nyiragongo. Mvua ikikatika, sehemu ya mchanga imeshateremka na maji hadi kwa jirani, na sehemu nyingine imechanganyika na udongo mweusi wa barabarani, haifai tena kwa zege. Fundi anamwambia mwenye nyumba kwamba mchanga haukutosha. Mwenye nyumba anakuna kichwa, anapiga simu, na lori linarudi. Mchanga ule ule ameulipia mara mbili.

Upotevu wa namna hiyo hauandikwi popote. Hakuna ofisi inayouhesabu, na hakuna fundi anayeutaja wakati wa kukubaliana bei. Lakini ndio unaoifanya nyumba ya vyumba vitatu ichukue miaka kumalizika, na ndio unaomshawishi mjenzi apunguze simenti kwenye nguzo ili fedha zilizobaki zifike kwenye paa. Katika mji uliojengwa ndani ya bonde la ufa, chini ya volkeno iliyo hai, zege dhaifu si hasara ya mfukoni tu. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata kwa siku kadhaa yalipasua kuta na barabara hata katika mitaa ambayo lava haikuifikia. Ukuta ulioibiwa simenti ndio wa kwanza kuanguka.

Ndiyo maana swali ambalo wanafunzi wa uhandisi wanaweza kuuliza leo halipaswi kuchekwa. Ng'ambo, malori na mashine za ujenzi zinazojiendesha zenyewe zinasifiwa kwamba zinapunguza upotevu wa vifaa, mafuta na wakati. Je, Goma nayo isiingie katika njia hiyo?

Jibu la haki ni kwamba kuna la kujifunza, tena kubwa. Lakini la kujifunza si kumtoa dereva kwenye usukani.

Upotevu usioonekana

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, zaidi ya theluthi moja ya takataka zote hutokana na ujenzi na ubomoaji. Ni vifusi vya zege, matofali, vioo na mbao zinazobebwa na malori kwenda kutupwa au kusagwa upya. Mtu akitembea Goma kutafuta mlima wa takataka kama huo, hataupata. Bati lenye kutu linageuka kuwa ua. Msumari uliopinda unanyooshwa juu ya jiwe. Mbao zilizoshikilia zege la nguzo zinahamia nyumba ya pili, ya tatu, hadi zinapoishia jikoni kama kuni. Nyumba ya mbao yenyewe hubomolewa ubao kwa ubao na kusimamishwa upya kwenye kiwanja kingine.

Hata lava haikutupwa. Tarehe 17 Januari 2002, mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukafunika karibu asilimia 13 ya eneo lake na sehemu ya njia ya ndege, na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Wakaaji walirudi mawe yakiwa bado na joto. Waliyavunja kwa nyundo, wakajengea misingi na nyua kwa jiwe lile lile lililowafukuza. Hadi leo kuna wanawake na vijana wanaokaa kando ya barabara wakiponda mawe meusi kuwa kokoto, debe kwa debe.

Mji wa watu wanaojua thamani ya msumari uliopinda hauhitaji kufundishwa kutotupa. Upotevu wa Goma uko mahali pengine, katika vitu ambavyo jicho halivioni kirahisi.

Wa kwanza ni simenti iliyokufa ndani ya mfuko. Simenti nyingi inayouzwa Goma hutoka nje ya mpaka, katika viwanda vya Uganda na Rwanda. Njia yake imekuwa ngumu tangu Bunagana ilipoangukia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, na ngumu zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, Goma yenyewe ilipotekwa, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege ukanyamaza. Mfuko wa kilo 50 unaokaa kwenye lori, kisha depo, kisha chini ya turubai kwenye kiwanja, hunyonya unyevu wa hewa siku baada ya siku. Baada ya miezi michache umeshapoteza sehemu ya nguvu zake, hata kama haujaganda. Bei yake, hata hivyo, haipungui.

Wa pili ni kipimo kinachoitwa "lori moja". Lori moja la mchanga ni kiasi gani? Inategemea urefu wa ubao wa ubavuni, inategemea kama dereva amejaza hadi juu au amesawazisha, na inategemea barabara ilivyolitikisa. Mwenye nyumba ananunua kitu asichojua ukubwa wake, kwa kazi ambayo fundi hakuipigia hesabu.

Wa tatu ni kungoja. Zege likishatiwa maji huanza kushikana, na wahandisi hushauri limwagwe ndani ya saa moja na nusu hadi mbili. Kokoto zikichelewa au wasaidizi wakipungua, mchanganyiko unakaa. Fundi anaongeza maji ili ulainike tena. Kwa macho umepona, kwa nguvu umekufa. Miaka miwili baadaye nguzo inapasuka, na kazi inarudiwa kwa simenti mpya.

Mashine za Kibali

Wanaodhani vyombo vinavyojiendesha ni mambo ya Marekani na Japani pekee wangeshangaa kujua vilipo karibu. Zaidi ya kilomita 500 kaskazini ya Goma, katika jimbo la Haut-Uélé, upo mgodi wa dhahabu wa Kibali. Unaendeshwa na kampuni ya Barrick, yenye asilimia 45 ya hisa sawa na AngloGold Ashanti, huku asilimia 10 zikiwa za kampuni ya serikali ya SOKIMO. Chini ya ardhi, kwenye kina cha mita 750 hivi, mashine za kupakia na kubeba mawe hutembea bila mtu ndani yake. Mwendeshaji mmoja aliyekaa juu, kwenye chumba chenye skrini, husimamia kadhaa kwa wakati mmoja. Kongo ya mashariki, inayotajwa duniani kwa vita na koleo, ina moja ya migodi iliyokwenda mbali zaidi Afrika katika kazi hiyo.

Kibali hakijengi nyumba, lakini kazi yake ya kubeba mawe kutoka hapa hadi pale ni ndugu wa kazi ya ujenzi. Swali la maana ni hili: mashine hizo zinaokoa nini?

Haziokoi kwa sababu ya kukosa dereva tu. Zinaokoa kwa sababu kila safari inajulikana. Mashine inapita njia ile ile, kwa mwendo uliopangwa, bila kugonga kuta. Haisimami wakati wa kubadilishana zamu, wala wakati watu wanapotolewa chini ili moshi wa baruti uondoke. Safari zake zinahesabiwa na mzigo wake unajulikana. Mwisho wa siku, mkuu wa kazi anajua ni tani ngapi zimetoka wapi, zimefika wapi, na mafuta kiasi gani yameteketea. Hiyo ndiyo faida, na jina lake la Kiswahili ni hesabu.

Tena mashine hizo zinafanya kazi mahali palipofungwa. Hakuna mtoto anayekatisha mbele yake akifukuza mpira. Hakuna mbuzi wala mama mwenye karai la samaki kichwani. Ndivyo ilivyo hata kule Chile, ambako malori makubwa yasiyo na dereva yalianza kazi mwaka 2008 katika mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral. Teknolojia hii imefaulu kwanza pale ambapo dunia imepunguzwa na kuwa rahisi.

Neno moja, maana mbili

Japani ndiyo iliyofikiri zaidi kuhusu upotevu kazini. Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota, aliupanga katika aina saba, zikiwemo kungoja, kusafirisha bila sababu, kulimbikiza mali ghalani na kutengeneza kitu chenye kasoro kinachobidi kurudiwa. Neno la Kijapani analolitumia kwa upotevu ni "muda". Ni bahati tu ya lugha mbili zisizo na undugu, lakini Mswahili akilisikia hahitaji mkalimani. Kinachopotea kwenye kiwanja cha ujenzi, kabla ya simenti na mchanga, ni muda.

Nchi hiyo hiyo imetumia mashine zinazojiendesha za kampuni ya Kajima katika ujenzi wa bwawa la Naruse, katika mkoa wa Akita. Matingatinga, malori na mashine za kushindilia hufanya kazi pamoja chini ya macho ya waendeshaji wachache. Zinasambaza na kushindilia kwa unene uliopangwa, hivyo hupungua haja ya kurudia tabaka lililoshindiliwa vibaya.

Lakini ni lazima kuuliza kwa nini Japani inafanya hivyo. Jibu si upotevu peke yake. Japani imezeeka. Mafundi wake wa ujenzi wanastaafu na vijana wa kuwarithi hawatoshi. Mashine inajaza kiti kilichobaki wazi.

Goma hakuna kiti kilicho wazi. Kila asubuhi vijana wamejaa kwenye maeneo ya ujenzi wakingoja kuitwa kubeba maji, kuchanganya zege au kupandisha mawe. Wengine walikimbia vijiji vyao vya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wakafika mjini bila shamba na bila mtaji isipokuwa mikono. Kuleta mashine inayookoa mshahara wao ni kutibu ugonjwa wa mtu mwingine. Fedha itakayookolewa kwa kumwondoa dereva itaonekana kwenye daftari la mjenzi, na hasara itaonekana kwenye sufuria ya familia kumi. Huo nao ni upotevu, ingawa hauna safu kwenye daftari.

Somo la ng'ambo ya mpaka

Kuna mfano ulio karibu zaidi na Goma kuliko Chile na Japani. Rwanda, ambayo wakaaji wa Birere huitazama ng'ambo ya mpaka kila siku, ilianza Oktoba 2016 kupeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline, kutoka kituo cha Muhanga. Sifa iliyozungumzwa sana ni kasi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health ulionyesha jambo lingine: baada ya miezi 12, damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda katika hospitali zilizohudumiwa ilipungua kwa asilimia 67.

Sababu yake ni rahisi. Zamani hospitali iliogopa kuishiwa, ikaweka akiba kubwa, na akiba ikaharibika. Ilipojua kwamba damu itafika ndani ya muda mfupi kila inapoitwa, ikaacha kulimbikiza. Kilichopunguza upotevu ni uhakika: kiasi kidogo, kinachohitajika, kwa wakati unaojulikana.

Simenti ina tabia kama ya damu. Ina tarehe yake ya kufa. Mwenye nyumba wa Goma hulimbikiza mifuko kwa sababu anaogopa: huenda barabara itafungwa kesho, huenda bei itapanda, huenda lori halitafika. Akiba yake inanyonya unyevu chini ya turubai. Mpe uhakika kwamba mifuko mitano itamfikia saa mbili asubuhi ya siku ya kumwaga zege, naye hatanunua hamsini miezi mitatu kabla.

Na chombo cha kubeba mifuko mitano Goma kipo. Hakitumii mafuta, hakina rubani wala kompyuta, na sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama katikati ya mji. Ni chukudu.

Barabara haitaki roboti

Kabla ya kufika kwenye chukudu, wenye ndoto ya lori linalojiendesha katika barabara za Goma wanapaswa kukumbuka kilichotokea Tempe, jimbo la Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio la kampuni ya Uber, lililokuwa likijiendesha usiku, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi walikuta kwamba mfumo wa gari ulimwona mapema, lakini ulishindwa kuamua yeye ni kitu gani: mara gari, mara baiskeli, mara kitu kisichojulikana.

Hiyo ilikuwa barabara pana yenye lami na taa, na aliyevuka alikuwa mmoja. Goma, mashine ingekutana na chukudu linaloteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, dereva akiwa amepiga goti moja juu ya ubao, pikipiki tatu zikimpita kulia na kushoto. Barabara nyingi hazina mistari wala kingo. Mashimo hubadilika kila mvua. Dereva wa Goma husoma macho ya mwenzake, husikia honi moja akajua ni salamu na nyingine akajua ni onyo. Ujuzi huo haujaandikwa kwenye programu yoyote.

Kisha kuna vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya vikundi vyenye silaha na vya maofisa wa kodi. Lori lisilo na dereva likifika kwenye kamba iliyotandazwa barabarani, nani atashuka kuzungumza? Ubishi wa saa mbili pale ndio upotevu mkubwa wa safari, na hakuna kamera wala kompyuta inayouondoa. Huo unaondolewa na dola, sheria na amani.

Hili halina maana kwamba Wakongo wanaogopa mashine. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka roboti za kuongoza magari barabarani, zilizobuniwa na mhandisi Mkongo, Thérèse Izay, na dunia nzima ikaja kuzipiga picha. Madereva walizitii. Uwezo wa kubuni upo nchini. Kinachotakiwa ni kuuelekeza mahali ambapo mji unavuja.

Kuanzia na kipimo

Hatua ya kwanza haina umeme ndani yake. Ni sanduku la mbao lenye ukubwa unaojulikana, la kupimia mchanga na kokoto kwa kila mfuko wa simenti, badala ya kuhesabu makoleo ambayo hupungua mkono ukichoka. Ni mstari wa rangi kwenye ubavu wa kila lori, unaoonyesha ujazo wake, ili mnunuzi ajue analipia nini. Masoko ya Goma yana vipimo vinavyotambuliwa na kila mama. Ni ajabu kwamba maharage yana kipimo na nguzo inayoshikilia nyumba haina.

Hatua ya pili iko ndani ya simu ambazo wakaaji wanazo tayari. Watu wanalipana kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na waliendelea hata benki zilipofungwa mwaka 2025. Vijana wanaosoma uhandisi na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Goma na ULPGL wanaweza kutengeneza mfumo mdogo wa ujumbe mfupi: mjenzi anaandika anahitaji nini, lini na wapi, depo inajibu, mwenye chukudu aliye karibu anapewa mzigo na saa. Majirani watatu wa mtaa mmoja wanaomwaga zege wiki moja wanaunganishiwa lori moja la mchanga, badala ya malori matatu yanayorudi nusu tupu. Ni kazi ile ile inayofanywa na kompyuta ya Kibali, kupanga safari na kuziandika, isipokuwa dereva anabaki na mkate wake.

Hatua ya tatu ni ya depo. Tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwenye ubao wa bei. Mifuko ilazwe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mnunuzi naye aulize tarehe kama anavyoiuliza kwenye dawa.

Hatua ya nne inawahusu wakubwa. Kandarasi za barabara na majengo ya umma zilazimishwe kuandika safari za malori, mafuta na vifaa, na daftari hilo lionekane na wakaaji. Vifaa vya kufuatilia magari kwa setilaiti si kitu kigeni tena, na gharama yake haifanani kabisa na ile ya lori linalojiendesha. Mara nyingi kinachoitwa upotevu katika kandarasi ya umma si mchanga uliosombwa na mvua, bali simenti iliyoshuka kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Chombo kinachojua kilikopita ni shahidi asiyehongeka.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni anasa katika mji uliochoshwa na vita, ambako watu wanafikiria chakula cha leo. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, lakini imegeuzwa kichwa chini. Mwenye fedha nyingi anaweza kumudu mchanga uliosombwa. Mama anayejenga chumba kimoja kwa faida ya maharage hawezi. Kipimo ni silaha ya maskini kabla ya kuwa hesabu ya mhandisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Goma imejenga kuta zake mara nyingi mno.

Mahali pa mashine

Pamoja na hayo, pana kazi ambazo Goma ingefanya vizuri kuzikabidhi kwa mashine isiyo na mtu ndani, na ni vyema ziandaliwe mapema.

Moja ni mazuku. Katika mabonde madogo ya Bulengo, Kyeshero na kando ya ziwa, gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutulia chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haina rangi wala harufu, na imeua watu na mifugo. Mchimbaji wa msingi au wa shimo la choo anaweza kuinama na asiinuke. Hapo mashine ndogo inayoendeshwa kutoka mbali ina sababu ya kuwepo, tena iwe ya umeme, maana hata injini ya dizeli inahitaji hewa ili iwake.

Nyingine ni lava mbichi. Mwaka 2021 barabara ya Goma kwenda Rutshuru ilikatwa, na ilibidi kufungua njia juu ya mawe yaliyokuwa bado yakitoa joto na moshi. Ya tatu ni ardhi iliyopiganiwa, ambako mabaki ya silaha yanaweza kulala chini ya kifusi kinachotakiwa kuondolewa. Katika sehemu hizo tatu mashine haimnyang'anyi mtu mshahara. Inamwokolea uhai. Na anayeketi kwenye skrini akiiongoza anaweza kuwa kijana wa Ndosho, kama wapo Wakongo wanaoongoza mashine za Kibali leo.

Siku barabara zitakapofunguliwa na kazi kubwa za kujenga upya zitakapoanza, wauzaji wa mashine watakuja Goma na picha nzuri. Watasema lori lao halilali, haliibi mafuta na halidai nyongeza. Viongozi watakaoketi nao mezani wawe na maswali mawili tayari. Kwanza, nani anahesabu? Pili, kinachookolewa kinaingia mfukoni mwa nani? Ikiwa majibu ni kampuni na kampuni, basi upotevu haujapungua. Umehamishwa tu, kutoka kwenye mchanga kwenda kwa watu.

Hadi siku hiyo, msimu wa mvua unaofuata utafika kwa wakati wake. Turubai moja, sanduku moja la kipimo na chukudu linalokuja saa iliyokubaliwa vitaokoa mchanga mwingi Majengo kuliko roboti yoyote iliyoko kwenye picha.